Toshogu ya Nikko: Ubudha Haukuwa Pambo

Aghalabu hekalu la Toshogu lililoko Nikko, kaskazini mwa Tokyo, huelezwa kuwa ni hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, lililoathiriwa na Ubudha. Maelezo hayo siyakubali, kwa sababu yanamfanya mgeni adhani kwamba Ubudha uliongezwa pale baadaye.

Hapo ndipo anapoenziwa Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kijeshi aliyefariki mwaka 1616. Mwaka uliofuata mabaki yake yalihamishiwa Nikko, na aliyeongoza juhudi za kumwabudu kama mungu alikuwa Tenkai, mtawa wa madhehebu ya Tendai, ambayo ni ya Kibudha. Cheo alichopewa marehemu, gongen, kilimhesabu kuwa Buddha aliyejidhihirisha kwa sura ya mungu wa Kijapani. Majengo mengi yanayoonekana leo yalijengwa upya na mjukuu wake, Iemitsu, yakakamilika mwaka 1636.

Ukishapita torii, lango la Kishinto, lililojengwa kwa mawe, kushoto kwako imesimama pagoda, yaani mnara wa Kibudha, ya orofa tano. Ukipanda juu zaidi, mbele ya lango la Yomeimon lililosheheni nakshi, utaukuta ukumbi wa Yakushi, Buddha wa uponyaji, ambao dari yake imechorwa joka kubwa. Vipande viwili vya mbao vikigongwa chini ya kichwa cha joka hilo, mlio hurudi ukitetema kwa muda mithili ya njuga. Vikigongwa hatua chache pembeni, husikii kitu. Ukumbi huo uliteketea kwa moto mwaka 1961, hivyo joka la sasa limechorwa upya, jambo ambalo kwangu halikupunguza mshangao hata kidogo.

Mpaka uliopo leo kati ya Shinto na Ubudha ulichorwa na wanasiasa. Mwaka 1868 serikali mpya ya Kaizari Meiji iliamuru dini hizo mbili zitenganishwe, kazi iliyofanana na kutaka kutoa maziwa kwenye chai iliyokwisha kuchemka. Huko mjini Kamakura, majengo ya Kibudha ya hekalu la Tsurugaoka Hachimangu yalibomolewa mwaka 1870. Nikko ilinusurika ubomoaji wa namna hiyo, lakini iligawanywa katika taasisi tatu: mahekalu ya Shinto ya Toshogu na Futarasan, na hekalu la Kibudha la Rinnoji.

UNESCO ilipoiorodhesha Nikko kuwa urithi wa dunia mwaka 1999, iliziweka zote tatu pamoja. Viingilio bado ni tofauti, na watalii wenye haraka hulipia Toshogu peke yake. Ningewashauri walipie na Rinnoji siku hiyo hiyo.