Ujumbe wa jaribio lililofeli nao ni sehemu ya maktaba

Jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama programu inafanya kazi inavyotakiwa, likipita, hakuna anayelisoma. Likifeli ndipo mtu hulitazama, na mara nyingi ni mtu ambaye hakuliandika yeye, ana haraka, na alicho nacho ni mistari michache tu kwenye skrini. Ndiyo maana nashikilia kwamba ujumbe ule ni sehemu ya maktaba ya majaribio (msimbo uliotayarishwa ili wengine wautumie kuandika majaribio yao) kama zilivyo fanksheni zake. Anayetoa maktaba bila kuufikiria, kazi bado hajaimaliza.

Chukua unittest, maktaba ya majaribio inayokuja na lugha ya Python. Ukiandika assertTrue(jumla == 40) na jumla ikawa 35, unachopewa ni hiki: "AssertionError: False is not true". Ni sahihi kabisa, na haikusaidii chochote. Ile 35 ilikuwepo, kompyuta ikailinganisha na 40, kisha ikaachwa njiani. Kilichoifikia assertTrue ni jibu la ndiyo au hapana basi. Andika assertEqual(jumla, 40) na utasoma "35 != 40". Hitilafu ni ileile, ila sasa unajua zimepungua tano, na huenda unajua pa kuanza kuzitafuta.

pytest, zana nyingine ya majaribio ya Python, imelitatua hili vizuri kuliko zana nyingi ninazozijua: huziandika upya kauli za assert (zinazodai kwamba jambo fulani ni kweli) kabla hazijaendeshwa, ili thamani za kila upande zionekane. Lakini hufanya hivyo kwenye faili za majaribio, conftest (faili la maandalizi ya pamoja ya majaribio) na programu-jalizi tu. Ukihamishia ukaguzi wako kwenye faili la kando la wasaidizi, unarudishiwa AssertionError tupu, mpaka ulisajili faili hilo kwa pytest.register_assert_rewrite kabla ya kuliingiza. Asiyelijua hili atahangaika sana, na simlaumu.

Unaoniudhi kuliko yote ni ujumbe unaosema vitu viwili vinavyofanana havifanani. Ilitarajiwa 1, imepatikana 1, jaribio limefeli. JUnit, maktaba ya majaribio ya lugha ya Java, imelifikiria jambo hilo: thamani mbili zikichapika sawasawa, huongeza jina la klasi, yaani aina ya thamani, ukaona kwamba moja ni Integer na nyingine ni Long, aina mbili tofauti za namba nzima. Kwenye maandishi mambo ni magumu zaidi. Herufi é inaweza kuwa alama moja, yenye namba U+00E9 katika Unicode, au e ya kawaida ikifuatwa na U+0301, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikishuku hivyo kwenye Python, napitisha pande zote mbili kwenye ascii(), fanksheni inayoonyesha alama zisizo za kawaida kwa namba zao, na 'e\u0301' inajitokeza yenyewe. Sasa kwa nini kazi hiyo niifanye mimi? Maktaba ndiyo iliyolinganisha, ndiyo iliyogundua tofauti, na ndiyo iliyoshika maandishi yote mawili. Ingeweza kunionyesha mahali pa kwanza yanapoachana, na namba za alama zilizopo hapo.

Halafu kuna suala la nani anatangulia. Kwenye assertEquals ya JUnit, thamani inayotarajiwa huanza. Kwenye TestNG, maktaba nyingine ya Java, huanza iliyopatikana. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kugeuza mpangilio atasoma ujumbe uliopinduka, na anaweza kwenda kurekebisha upande usio na kosa. assert_eq! ya lugha ya Rust hutaja kushoto na kulia tu, haidai kujua upi ni sahihi, na mimi nauamini zaidi ujumbe wa namna hiyo.

Urefu nao una shida yake. unittest huificha tofauti inayozidi herufi 640 na kukutaka uweke maxDiff, kikomo cha urefu huo, kuwa None, yaani kisiwepo. Angalau inakwambia la kufanya.

Ninachofanya mwenyewe ni rahisi. Jaribio likishapita, naharibu kwa makusudi thamani inayotarajiwa, naliendesha tena, nausoma ujumbe kana kwamba msimbo siujui. Usiponionyesha thamani zote mbili na zilikotoka, nabadilisha kauli, au naongeza maelezo yangu, ambayo karibu kila maktaba inayaruhusu. Na nikikagua kazi ya mwenzangu, namwomba aambatishe matokeo ya jaribio lake likiwa limefeli, asiniletee ya lililopita peke yake.