Jiko la Kuni na Ugomvi Wake na Umeme

Baba mkwe haamini kitu mpaka akishike kwa mkono wake. Kwa hiyo moshi ulipoanza kutokea mlangoni mwa jiko letu la kuni badala ya kupanda dohani, hakumuuliza mtu. Alivua koti, akapiga magoti, akafungua mlango wa jiko "amwone adui". Adui akamwona yeye kwanza.

"Kuni mbichi hizi!" akatangaza, machozi yakimtiririka.

Kuni zilikuwa kavu. Zilikaa bandani tangu mwaka juzi, ncha zimefanya nyufa, na ukizigonganisha zinalia ko! ko! Kuni mbichi hutoa mlio mzito uliokufa. Lakini mkwe habishiwi. Nikasema, "Inawezekana, baba," nikaenda nikachota nyingine kwenye rundo lilelile. Akazigonganisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Hizi sasa ndizo kuni." Moshi ukazidi.

Akahamia kwenye bomba, na hapo, haki yake nimpe, alijua anachokifanya. Bomba likipoa sana, hewa baridi iliyomo huwa nzito, haitaki kupanda, na moshi wa kwanza hukosa njia. Dawa yake ni kuwasha gazeti lililokunjwa pale bomba linapoanzia ili lipate joto kabla ya kuni kushika vizuri. Gazeti likawaka, moto ukavuma kuelekea juu, sebule nzima ikapiga makofi. Basi, mshindi wetu akaenda jikoni kwa madaha, akawasha feni ya kutolea hewa. "Tuondoe na haka kamoshi kalikobaki."

Moshi ukageuza safari.

Nyumba yetu imezibwa vizuri, hata ufa wa dirisha hauna. Feni ikitoa hewa nje, lazima nyingine iingie kuziba pengo, na tundu kubwa lililobaki wazi lilikuwa dohani. Feni ilikuwa inanywa moshi kwa mrija. Nikasogeza mshumaa mlangoni mwa jiko: mwali, ambao bomba likivuta ungeinamia ndani, ukalala kuelekea sebuleni. Ushahidi huo. Sasa mwambie baba wa mke wako kwamba anayeleta moshi ni yeye! Nikamtazama mke wangu aseme. Mke wangu akatazama dari.

Nikafungua dirisha kimyakimya. Moshi ukapungua. "Nani anatuletea baridi?" Akalifunga. Moshi uliporudi akaiongeza feni mwendo, moshi ukaongezeka, na kwake yeye hiyo ilikuwa dalili kwamba feni bado inazembea. Nikifungua, anafunga. Akifunga, anaongeza. Watoto wakawa wanatutazama kwa zamu, kushoto, kulia.

Ndipo king'ora cha kaboni monoksidi kikalia. Gesi ile haina rangi wala harufu na inaua, kwa hiyo adabu za ukwe zikaishia hapo. "Wote nje!" nikafoka, na baba mkwe akiwemo. Nikaacha milango na madirisha wazi, na nilipopita karibu na swichi kuu, mkono wangu, Mungu anajua, ukaizima.

Tukasimama uani gizani. Juu ya paa, moshi ukaanza kupanda kwenye dohani, umenyooka, mweupe, mtiifu.

Baba mkwe akautazama kwa muda mrefu.

"Umeme umekatika," akasema polepole, "na moshi unapanda."

"Ndiyo, baba."

Tulingoja mpaka nyumba ikajaa hewa safi na king'ora kikanyamaza, ndipo tukarudi na kufunga madirisha. Tukakaa kwa mwanga wa moto uliokuwa ukiwaka vizuri ajabu. Ningeweza kulala pale pale kwenye kiti. Lakini mke wangu alikumbuka jokofu, akaenda kurudisha umeme. Taa zikawaka. Jikoni, feni ambayo hakuna aliyeizima ikaanza kuunguruma, na jiko likatutemea wingu zima usoni.

"Umeona!" baba mkwe akaruka, kidole juu. "Zima! Zima!"

Mke wangu akazima swichi kuu. Moshi ukapanda dohani.

Baba mkwe akaketi, akajifuta masizi kwenye paji la uso, akaniinamia kama daktari anayetoa habari njema.

"Mwanangu, jiko lako halina ugonjwa wowote. Kesho mwite fundi umeme."