Kinachoifunga sarafu kwenye dola ni akiba

Makala niliyoisoma kuhusu sarafu thabiti za kidijitali (stablecoins) inasema kwamba bei yake haipandi wala haishuki kwa kuwa zimefungwa kwenye dola. Ningependa kuongeza kwamba kinachozifunga ni ahadi ya mtoaji, yaani kampuni inayozitoa, kuwa atakayerudisha sarafu moja atapewa dola moja, ahadi inayobebwa na fedha taslimu na dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani (hati za mkopo zinazolipa riba) anazozihifadhi. Bei ikishuka hadi senti 98, wafanyabiashara wakubwa huzinunua sokoni na kuzirudisha kwa mtoaji ili wapate dola kamili, na ununuzi huo ndio unaoipandisha bei tena. Machi 2023, USDC, mojawapo ya sarafu hizi, ilishuka chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyokuwa imefilisika. Serikali ilipowahakikishia wenye amana katika benki hiyo fedha zao, bei ilirejea baada ya siku chache. TerraUSD, sarafu nyingine ya aina hii ambayo badala ya akiba ya dola iliegemea sarafu dada iitwayo Luna, iliporomoka Mei 2022 na haikuinuka tena.

Faida ya sarafu hizi naikubali, kwani fedha hufika ng'ambo hata usiku wa Jumapili. Ila riba ya dhamana za serikali zilizo kwenye akiba, ambayo makala haikuigusa, kwa kawaida huishia mfukoni mwa mtoaji.