Meza ya jero haimfundishi mtu

Ukitaka kujua mwezi umefikia wapi bila kuinua kichwa, ingia baa yoyote yenye meza ya pool pale Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Usiku wa giza meza ina watu wawili watatu, maana wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na meza ileile unasubiri zamu mpaka bia inapata moto mkononi. Hela ya giza inaliwa kwenye mbalamwezi, na wanaoila ni mafundi wachache wanaojua kusubiri.

Kwa kama miaka miwili nilikuwa mmoja wao, au nilijiona hivyo. Ndiyo maana nacheka nikisikia vijana wakisema wanataka "kuishi kwa pool". Kuishi kunawezekana, ila tatizo si lile wanalolidhania.

Hesabu yake iko hivi. Wiki ya kwanza kwenye meza mpya unaweka buku tano, unakula. Wiki ya pili wanakwambia, "Mjomba, nitolee mipira miwili kwanza." Ya tatu wanataka upige kwa mkono wa kushoto. Ya nne hakuna anayekuwekea hata buku. Unalazimika kuvuka na feri ya Kamanga kwenda Sengerema au Geita, au kupanda meli kwenda Ukerewe, kote ambako sura yako haijazoeleka. Toa nauli, toa gesti, toa chakula. Ukifika huko lazima ucheze vibaya kidogo usije ukawafukuza watu mapema. Mimi nilitumia muda mwingi kujifunza kukosa bila kutiliwa shaka kuliko niliotumia kujifunza kupiga. Kazi nyingine yoyote, fundi akijulikana wateja wanaongezeka. Kwenye pool ya dau, akijulikana anafunga duka.

Na si sisi wa kanda ya ziwa tu. Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi mkubwa kuliko wote, alipokwenda Houston kule Marekani mwaka 1985 alicheza kwa jina la kubandika, Cesar Morales, kwa sababu jina lake lilishatangulia. Mtu huyo mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa. Mwaka 2006 akashinda shindano kule Reno lenye zawadi ya dola 500,000, na walioliandaa wakashindwa kulipa hela yote kwa wakati, wachezaji wakawa wanalipwa kidogo kidogo. Kama yeye alikopwa, wewe wa Igoma unategemea nini kwa mwandaaji wa bonanza anayetoa mbuzi na kreti?

Lakini Reyes alikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, na hapo ndipo ninapotaka kufika. Alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake huko Manila. Alikuwa na meza hata pale ambapo hakuwa na mpinzani.

Sisi meza yetu inakula sarafu. Zamani mia mbili, sasa jero, yaani mia tano. Ukitumbukiza, mipira inashuka, na kila mpira unaoingia shimoni umekwenda, huuoni tena mpaka jero nyingine. Ukikosa pigo gumu, huwezi kurudisha mipira ili ulijaribu upya, mwenzio ameshainama na fimbo. Aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anakaa kwenye benchi na kulipa. Yaani anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayecheza kidogo zaidi. Meza hiyo inakufundisha kushinda mchezo wa leo dhidi ya mtu huyu aliyelewa. Pigo lenyewe haikufundishi.

Namkumbuka jamaa mmoja kule Igombe. Asubuhi alikuwa anafagia baa, na malipo yake ni meza. Anatumbukiza jero moja tu, anaziba mashimo yote sita kwa matambara ya khanga iliyochakaa, mpira ukiingia unakaa mdomoni mwa shimo, anautoa kwa vidole. Alitia nukta ya chaki kwenye kitambaa, mpira mweupe anaurudisha hapohapo, anapiga pigo lilelile. Nilihesabu mara arobaini nikachoka, yeye bado. Alikuwa anatafuta kitu kimoja: mweupe ukifika ukiwa unateleza tu, bila kuviringika, ukagonga mwenzie kwa pembeni, hiyo miwili inaachana kwa nyuzi 90. Ukilijua hilo, unajua mweupe utasimamia wapi kabla hujapiga.

Sasa, sheria hiyo inataka mipira ya uzito mmoja. Meza nyingi za sarafu zina mweupe wa ukubwa au uzito tofauti, ili mashine iweze kuutenga na kuurudisha. Mweupe mzito unasogea mbele kuliko ulivyotegemea, mwepesi unarudi nyuma. Weka na unyevu wa ziwa msimu wa masika, kitambaa kinakuwa kama uji, na mtu aliyetoka kula dagaa wa kukaanga anakukabidhi fimbo bila kunawa. Jamaa wa Igombe alikuwa anaijua meza ile kama mkewe. Tulipomleta mjini kwenye meza nyingine alipigwa na kibonde.

Safari Lager walidhamini mashindano ya taifa ya pool kwa miaka kadhaa, na Mwanza tulikuwa na timu zetu za baa. Fulana zilikuwepo, zawadi zilikuwepo. Sikumbuki mtu kuuliza wachezaji wanafanyia wapi mazoezi. Nadhani kingesaidia kitu kidogo tu: meza ilipiwe kwa saa, si kwa mchezo, tena asubuhi, ambapo haina mtu. Kichekesho ni kwamba asubuhi ndiyo saa ambazo viongozi wetu, mkoa baada ya mkoa, wamekuwa wakipiga marufuku pool. Yaani kijana anaruhusiwa kuigusa meza jioni tu, kelele zikiwa juu na dau limeshawekwa.

Juzi nilimwendea mama mwenye baa ya mtaani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umerudi kwenye pool yako?"

Nikamweleza wazo langu la kulipia meza kwa saa. Akapiga hesabu papo hapo: mchezo dakika kumi, saa moja michezo sita, jero mara sita, buku tatu. Nikamwambia asubuhi meza imelala tu, haiingizi hata mia.

"Na mtendaji akipita?"

"Tutafunga mlango."

"Na mwenye meza akija Jumatatu kuhesabu sarafu, nimwambie zilikwenda wapi?"

Hapo sikuwa na jibu. Akanitazama, akafuta kaunta.

"Buku mbili. Sarafu nitatumbukiza mwenyewe. Matambara uje na yako."