Waya Mbili Tu, Walisema

Wenye magari mapya hawajui raha wanayoila. Wao wanabonyeza kitufe, kwisha. Sisi wenye magari ya kale tunapiga stata tukiwa tumefumba macho, na tukifumbua kuna mtu dirishani anauliza, "Mzee, hili bado unalo?"

Mchawi wetu ni platini, vile vidude viwili ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi; vikiachana ndipo koili inapotoa cheche ya kuwasha petroli. Mfumo wenyewe ni ule ule wa Cadillac za 1912. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, platini zinaachana na kurudiana mara 6000. Ndoa gani itahimili hayo? Na nafasi kati yake iwe kama milimita 0.4: ikipungua gari linakohoa, ikizidi linakohoa kwa sauti nyingine.

Basi nikashauriwa nizing'oe platini, niweke mfumo wa kielektroniki. Sumaku inavishwa chini ya rota, kile kinachozunguka ndani ya distribyuta, kihisi, ndiyo moduli yenyewe, kinakaa zilipokuwa platini, waya nyekundu inaenda chanya ya koili, nyeusi hasi. Waya mbili tu! Karatasi ya maelekezo imeandika hivyo kwa herufi kubwa. Herufi ndogo ziko nyuma, na huko nyuma ndiko kwenye msiba.

Eti kagua kwanza kama bodi ya gari ni hasi, yaani imeungwa kwenye hasi ya betri, maana magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 bodi yake ni chanya. Ukigeuza chanya na hasi, moduli inakufa hapo hapo, hata pole haisubiri.

Haya, bodi ni hasi. Sasa rezista, kile kizuizi cha umeme. Wazee waliolitengeneza gari hili waliubana umeme makusudi: betri ni volti 12, lakini injini ikishawaka koili inapunguziwa ili platini zisiungue. Moduli haitaki kupunguziwa. Inataka 12 zake kamili, kwa hiyo nyekundu ichukue umeme kabla ya rezista. Sawa, rezista yenyewe iko wapi? Kwenye magari ya wenye bahati ni kipande cha kauri kimefungwa kwa skrubu, unakiona. Kwangu rezista ni waya! Waya kati ya waya, imeviringwa tepu pamoja na wenzake, ikapita nyuma ya dashibodi ambako mkono wa binadamu haufiki. Mchoro unasema ni nyeupe yenye mstari wa waridi. Gari langu lina waya za rangi moja: rangi ya grisi.

Na usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa, koili na moduli vitachemka. Redio yangu inategemea swichi hiyo hiyo. Kwa hiyo mpira nisikilizie wapi?

Limewaka, sikatai. Mguso mmoja tu, linanguruma. Ila mshale wa mizunguko umelala sifuri, kwa sababu ulizoea umeme wa kizamani na huu mpya hauutambui.

Fundi kanong'ona, "Platini usitupe." Nikamuuliza za nini tena? "Platini huugua kwanza, ukajiandaa. Moduli haiagi."

Basi buti langu lina platini, kondensa, bisibisi, msasa na kipimo cha nafasi. Mfumo mzima niliolipa kuuondoa, nazunguka nao.