Safari ya Kazi Nje Huharibikia Hapa Hapa Mtwara na Lindi

Kila msimu fedha za korosho zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, habari za safari nazo huanza. Kuna mtu yuko Dar anatafuta mabinti wa kwenda Oman. Kuna mwingine ana nafasi za hoteli Dubai, anayetaka alete picha, pasipoti na hela ya kushughulikia. Mzazi anaweka mikorosho rehani, binti anapanda basi, na mambo yakienda mrama lawama zote zinavuka bahari. Anayemtesa mfanyakazi ana dhambi yake na ana sheria yake, wala simtetei. Ila ninavyoona, safari nyingi huwa zimeshaharibika kabla ndege haijaruka. Zinaharibikia Newala, Masasi, Nachingwea na Kilwa: kwenye jina lililoandikwa ovyo, kwenye viza ambayo mwenye nayo hajui ni ya nini, na kwenye mkataba uliosainiwa bila kusomwa.

Nianze na jina, maana hapa kwetu ndilo linalowakwamisha wengi na ndilo linalodharauliwa zaidi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija Saidi Athumani. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinasema Khadija Said Othman. Cheti cha kidato cha nne kina Hadija S. pamoja na jina la babu ambalo halipo kokote kwingine. Kwa mtendaji wa kijiji huyo ni mtoto mmoja, anamjua tangu kuzaliwa. Kwa mashine hao ni watu watatu. Rekebisha kwa mpangilio: kwanza cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya, kisha NIDA, halafu ndipo pasipoti. Ukianza na pasipoti utalazimika kurudi nyuma na kulipa mara mbili. Asiye na cheti cha kuzaliwa akusanye kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kama kipo, vyeti vya shule, na barua ya mtendaji. Herufi moja au mbili zilizokosewa husahihishwa kwa vielelezo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Usikubali kuambiwa "tutaliweka sawa huko mbele." Huko mbele kitambulisho cha ukaazi, akaunti ya benki na mshahara vyote hufuata jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida hudumu miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000: 20,000 za fomu, zinazobaki 130,000 za pasipoti yenyewe. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kisha unaipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na viambatanisho. Anayekudai laki nne "za pasipoti" anakula laki mbili na nusu. Watakuomba pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Wazazi wetu wengi hawana, na hapo kiapo hutumika badala yake, kwa hiyo kiandae mapema. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema kazi, na uonyeshe barua au mkataba. Wanaokufundisha useme unakwenda kutembea wameanza kukutengenezea uongo utakaokufuata hadi mwisho.

Kuna jambo moja la vidole ambalo watu wa mikoa mingine hawalijui. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Mwanamke aliyebangua kwa mkono msimu mzima ncha za vidole vyake huwa nyeusi, ngumu, zimebanduka, na mistari haionekani. Akiweka kidole kwenye mashine inakataa, anaambiwa arudi kesho, kesho inakataa tena. Ngozi huota upya ukiipa nafasi. Acha kubangua wiki kadhaa kabla ya kwenda NIDA au Uhamiaji, paka mafuta ya nazi kila usiku, na siku yenyewe nawa kwa maji ya vuguvugu na ukaushe vidole vizuri. Alama za vidole utazitoa tena ukifika ugenini, kwa ajili ya kadi ya ukaazi, kwa hiyo usirudi kwenye korosho wiki ya mwisho kwa sababu ya vielfu vichache vya njiani.

Sasa viza. Soma neno lililoandikwa sehemu ya kusudi la safari. Viza ya matembezi si viza ya kazi, hata kama wakala ameapa kwa misahafu yote. Falme za Kiarabu, nchi iliyo na Dubai, wana viza ya kuingia kutafuta kazi, lakini wameiweka kwa watu wa ngazi za juu za kitaaluma au wahitimu wa vyuo vikuu vinavyoongoza duniani. Haimhusu anayekwenda kufanya usafi. Ukibaki huko baada ya viza ya matembezi kuisha, faini ni dirhamu 50 kwa siku. Siku 30 ni dirhamu 1,500, na mshahara unaotajiwa wengi wa kazi za chini haufiki hapo. Mtu anakuwa na deni kwa serikali ya ugenini, hawezi kutoka bila kulilipa na hawezi kushtaki anayemdhulumu, kwa sababu mwenyewe hayupo kihalali. Ndiyo maana tapeli hupenda viza ya matembezi: inampa mtu asiyeweza kusema.

Angalia na jina la kazi. Umeahidiwa hoteli, karatasi imeandikwa kwa Kiarabu *amilat manzil*. Hiyo ni mfanyakazi wa nyumbani. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika, maana mfanyakazi wa nyumbani yuko nje ya sheria ya kawaida ya kazi na ana kanuni zake peke yake. Falme za Kiarabu, kwa mfano, sheria ya mwaka 2022 inampa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku ambazo 8 kati yake ni mfululizo, na likizo ya siku 30 kwa mwaka yenye malipo. Inakataza pia kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Wa hoteli yuko chini ya sheria ya jumla, yenye saa 8 za kazi kwa siku. Kazi za ndani si aibu, na wapo waliojenga kwa kazi hizo. Ninachokataa ni mtu kugundua akiwa jikoni kwa watu kwamba hoteli haikuwahi kuwepo.

Mkataba huwa na Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, na pande hizo zikipingana mahakama za huko hufuata Kiarabu. Tafuta wa kukusomea. Hapa hawakosekani, Mikindani na Lindi mjini wamo masheikh waliosoma Uarabuni miaka mingi. Lakini mtafute anayezungumza na kuandika Kiarabu, si anayesoma Kurani tu. Wengi wetu tunaisoma vizuri na hatuelewi barua ya benki. Mwambie akutajie vitu hivi kwa sauti: jina la mwajiri, mji, jina la kazi, mshahara wa msingi, muda wa mkataba, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Kama nauli ya kurudi haikutajwa, imekuangukia wewe.

Na mshahara usiusikilize kwa namba tupu. Riali ya Oman ni karibu dola 2.60. Dola moja ni dirhamu 3.67, ni riali 3.75 za Saudia, ni riali 3.64 za Qatar, na viwango hivi havichezi kwa sababu nchi hizo zimefunga fedha zao kwenye dola. Kwa hiyo riali 90 za Oman ni dola 234, dirhamu 900 ni dola 245, na riali 900 za Saudia ni dola 240. Watu wanakimbilia 900 na kuidharau 90 wakati tofauti yake ni kama nauli ya teksi. Qatar imeweka kima cha chini tangu Machi 2021: riali 1,000 za msingi, na kama mwajiri hatoi chakula na malazi anaongeza 300 na 500.

Kuhusu wakala. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa, na mikataba ya kazi za nje hupitia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Afisa Kazi wa mkoa yupo, ofisi yake inajulikana, na kumuuliza ni bure. Mpelekee jina la kampuni kabla hujatoa senti. Wakala wa kweli ana ofisi, anatoa risiti na anakupa nakala ya mkataba ukae nayo nyumbani. Yule wa kwenye simu anayebadilisha namba kila wiki, anayetaka utume kwa wakala wa fedha wa mtaani, hata akiwa mtoto wa shangazi, mwache. Tena hasa akiwa mtoto wa shangazi, maana huyo ukoo hautakubali umshtaki.

Mikorosho isiuzwe. Hili nalisema kwa moyo wote. Mkorosho ulioanza kuzaa unakulipa kila msimu kwa miongo, na safari ni mkataba wa miaka miwili. Kuweka rehani nako kuna hesabu yake: ukitoa mikorosho kwa misimu mitatu ili upate nauli, unakwenda ugenini ukiwa na deni, na mwenye deni hasemi "hapana" hata pale inapobidi aseme. Bora uchelewe mwaka, ufanye kazi, uende na fedha yako.

Wapo watakaosema kwa nini kuhangaika na ndege wakati Msumbiji ni kuvuka Ruvuma tu, Kilambo, au Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Kimakonde kinasikika pande zote mbili na mtu anasahau kwamba ameingia nchi nyingine. Ofisi zote ni Kireno, anayeishi huko anahitaji kitambulisho cha mgeni kinachoitwa DIRE, na Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya silaha tangu Oktoba 2017. Kijana asiye na karatasi katika eneo kama hilo hutazamwa kwa macho mabaya na kila upande.

Wiki ya kuondoka, piga picha kila ukurasa wa pasipoti wenye maandishi, viza, mkataba na tiketi, umtumie mtu mmoja wa nyumbani na ujitumie kwenye barua pepe yako. Mwajiri akikunyang'anya pasipoti, jambo ambalo sheria za Qatar na Falme za Kiarabu zinalikataza, nakala hiyo ndiyo itakayoanzisha kazi ubalozini. Tuna balozi Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Kuwait, na ubalozi mdogo Dubai. Andika namba kwenye karatasi pia, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Fungua akaunti ya benki kwa jina lako kabla ya kuondoka na utume huko sehemu ya kila mshahara. Ya nyumbani itume kando. Laini ya simu nayo: ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na kwa kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole, dada yako hawezi kwenda kukurudishia. Iwashie huduma ya kutumika nje, iwe inawekwa salio mara kwa mara. Falme za Kiarabu simu za sauti za WhatsApp huzuiwa, ingawa ujumbe hupita, kwa hiyo usidhani umetupwa; programu kama Botim inaruhusiwa. Wanaofanya kazi nje ya majengo wajue pia kwamba huko kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kazi za juani husimamishwa saa 6:30 mchana hadi saa 9:00.

Nauli ya kurudi ibaki hapa, kwa mtu yule yule mwenye nakala. Usiende nayo.

Kubalianeni na mtu huyo maneno ya dharura. Oman zipo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili kizuri, cha Unguja, na binti anayemlalamikia mama yake kwa simu anasikika na kila aliye sebuleni. Kwa hiyo maneno hayo yawe ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na yawe ya kawaida kabisa: kuulizia mbuzi fulani, au kama bibi amepona goti. Akiyasikia, anayepokea asiulize "kuna nini mwanangu." Ajibu kuhusu mbuzi, akate simu, achukue zile nakala na aanze kupiga namba ya ubalozi.