Siko seli inakinga malaria? Malizieni hiyo sentensi

Desemba ya mwaka juzi nilienda kwa bibi Musoma vijijini na mtoto wa dada yangu, ana miaka 7 na ana siko seli (selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), mama yake alibaki Mwanza kazini. Nyumba imejaa watu mpaka sebuleni na neti ziko 3, usiku ikaanza hesabu ya nani alale wapi. Baba mdogo akasema huyu mtandikieni mkeka hapa, neti wapewe wale wadogo, si ana siko seli huyu, malaria haimgusi, nimesikia redioni. Na mimi nikanyamaza. Aibu yangu, lakini ukweli ni kwamba hata mimi nilishalisikia hilo neno mahali na nikalibeba hivyohivyo.

Siku kama 10 mbele, tumesharudi Mwanza, homa. Kesho yake macho yamekuwa kama bizari, mkojo rangi ya kola, anahema juujuu. Kupimwa wingi wa damu, 3.8. Sasa elewa kwamba huyu mtoto siku zake nzuri kabisa, siku anazocheza mpira mpaka anaitwa kula, damu yake inacheza kwenye 7, mtoto mwingine akiwa na hiyo 7 nyumba nzima inahaha, kwa hiyo malaria ikianza kula hapo haina mbali pa kwenda. Akaongezewa damu, akapona, Mungu mkubwa.

Jamani kinga ipo, sio uongo. Ila ni ya AS, yaani yule aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na mwenyewe haumwi siko seli. Kuna daktari anaitwa Anthony Allison, kakulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu akaona pwani na huku kwetu ziwani AS wamejaa, kule milimani kwenye baridi karibu hakuna, akaunganisha na mbu, mwaka 1954 akaandika. Mdudu wa malaria akiingia kwenye chembe ya damu ya AS ile chembe inajikunja, bandama inaidaka na kuitupa kabla mdudu hajazaana vya kutosha. Malaria wanaugua, ila ile kali ya kuua inawapitia mbali mara nyingi. Ndo maana huku Kanda ya Ziwa karibu mtoto 1 kati ya 5 anazaliwa AS, babu zetu waliobaki ndio waliokuwa nayo, kwa hiyo wale mnaoita damu ya ukoo fulani mbaya mkae mkijua.

SS sasa, aliyepewa na baba akapewa na mama, mgonjwa mwenyewe kama huyu mtoto wetu, huyo bandama yake inaharibika angali mdogo, mara nyingi hata miaka 5 hajafika. Mlinzi hayupo. Damu yenyewe ya kuungaunga. Yeye ndo wa kwanza kupewa neti nyumba nzima, sio wa mwisho!

Kwa hiyo mi lawama zangu sio kwa baba mdogo, zangu ni kwa hawa wanaokaa kwenye maiki wakasema "siko seli inakinga malaria" halafu wakaweka wimbo. Nchi hii inazaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, hao wote wana mabibi na mababa wadogo wanaosikiliza redio. Sema AS, sema SS, inachukua sekunde ngapi? Na kliniki pia, dada anapewa foliki asidi anapewa tarehe ya kurudi basi, neti haikutajwa hata siku moja, labda wanadhani tunajua.

Baada ya lile sekeseke tukapimana ukoo mzima, hata waliokuwa wanaogopa. Dada AS, shemeji AS, hiyo tulishajua. Baba mdogo naye AS. Akacheka weee, akasema ndo maana tangu utoto malaria hainilazi, kumbe alichokisikia redioni alikiamini haraka kwa sababu mwili wake mwenyewe ulishamshuhudia. Halafu akanyamaza muda mrefu.

Mwezi uliofuata ikaja neti mpya kwa basi la Musoma, ya bluu, imefungwa kamba ya katani, na meseji anauliza kama inatosha kitanda cha mtoto. Ni kubwa, tunaikunja mara mbili.